Kilio Namba Saba

Wiki jana niliwaacha ninyi wasomaji mlango wa nyuma wa ukumbi, mimi na mama, tumeambiwa tusipite mbele watu wasituone. Kwa aliyekosa, nitarudia haraka haraka, maana hata kurudia kunanitia kinyaa.

Mama yangu ni mwigizaji. Mwigizaji kweli, siyo wa kujisifia kwenye simu. Mama akisema ana njaa, tumbo linanguruma la kwako. Miaka kumi na minane yuko kwenye kazi hii, na kazi wanayompa ni kukohoa.

Pale studio wanaingiza sauti kwenye tamthilia za nje. Mzungumzaji anafungua mdomo kwa lugha ya kwao, sisi tunasikia Kiswahili. Wenye majina wanapewa wahusika wenye majina. Mama anapewa mgonjwa anayekohoa, mwanamke anayepiga kelele za mwizi, na watu wa sokoni, wote, peke yake. Ndiyo maana wanamwita Mama Kikohozi. Na yeye anaitika.

Halafu kuna vilio.

Sauti ya yule binti mkuu wa tamthilia inatiwa na dada mmoja ambaye nchi nzima inamwita Kipenzi. Alichukuliwa kwa sababu ana wafuasi wengi mtandaoni. Akiongea, sawa. Akilia, utadhani paka kakanyagwa mkia. Basi kila binti wa tamthilia akilia, anayelia ni mama yangu. Fundi Sauti alivirekodi vilio vya mama akavipa namba kwenye kompyuta. Namba moja, kilio cha kuachwa. Namba nne, cha msiba. Namba saba, cha mama aliyeibiwa mtoto, miaka inapita, siku anakutana naye mtoto anamwamkia kama anavyomwamkia mtu yeyote wa njiani: "Shikamoo, mama." Anapita.

Namba saba ndiyo iliyomfanya Kipenzi awe Kipenzi. Shuleni kwetu wasichana wanaigiza kilio kile mapumziko. Mimi, ambaye darasani jina langu ni Kimya, nakaa nawatazama. Niliwahi kukiri hapa hapa kwamba mwenzangu wa deski alisema, "Ningekuwa na mama kama Kipenzi mimi!" nikatikisa kichwa kukubali.

Sasa kuna mtu mmoja hana kazi, akachukua vipande vitatu vya tamthilia akavibandika pamoja. Kilio kile kile, pumzi ile ile. Watu wakaanza: "Huyu halii, anabonyeza kitufe." Bosi wa studio akaona mambo yanaharibika. Akatangaza kwamba Kipenzi atalia hadharani, mchana kweupe, mbele ya watu. Kilio cha kompyuta hakifai tena, watu wanakijua kwa moyo. Kinatakiwa kibichi.

Akaitwa mama. Asimame nyuma ya pazia, alie.

Na akaahidiwa. Tamthilia mpya inakuja, kuna Malkia Mjane, mhusika mkuu kuanzia mwanzo hadi mwisho. "Ni wako, mama yetu," Bosi alimwambia. Na jina lake, lile alilopewa na wazazi wake, litapita mwishoni kwa herufi zinazosomeka. Wiki mbili tulikuwa tunafanya mazoezi nyumbani, yeye Malkia, mimi watu wengine wote.

Hapo ndipo tulipofikia.

*

Tukaingia. Kipenzi alikuwa na chumba chenye kioo kilichozungushiwa taa. Mama alipewa kona nyuma ya jukwaa, kati ya ngazi ya mbao na ndoo za kupigia deki. Pazia jeusi mbele, maikrofoni moja, stuli moja. Tambara la deki lilikuwa bichi, linanuka kama soksi za mtu anayechukiwa.

Bosi akaja anapiga makofi.

"Mama yetu! Mama wa wote! Koo liko salama?"

"Koo lipo. Na karatasi yangu?"

"Karatasi gani tena, mama yangu?"

"Ya Malkia."

"Aaa, hiyo! Hiyo imekwisha hiyo. Wewe nililie leo, kesho unavaa taji."

"Sauti haivai taji, mwanangu. Mimi nataka jina."

Bosi akacheka kile kicheko cha mtu anayetafuta mlango. Akaondoka.

Akaja Kipenzi, ameziba pua kwa sababu ya tambara.

"Mama Kikohozi, leo usilie sana, tafadhali. Ile ya mwisho ulilia mpaka kamasi. Watu waliniuliza kama nina mafua."

"Kilio kina kamasi, mwanangu," mama akasema. "Kisicho na kamasi ni wimbo."

"Basi nipe wimbo. Sikiliza. Nikiweka mkono kifuani, unaanza. Nikifunika uso kwa kitambaa, unapandisha. Nikipiga magoti, unakata. Kata kabisa, sawa?"

"Na ukipiga chafya?"

Kipenzi hakuelewa. Alinitazama mimi. "Na huyu?"

"Binti yangu."

"Anaongea?"

"Akipenda."

Sikupenda. Niliangalia viatu vyake.

Akabaki Fundi Sauti, mzee mpole anayetembea kama anaomba radhi kwa sakafu. Ndiye aliyevipa vilio namba, na kwa muda mrefu sasa hamtazami mama machoni. Akarekebisha maikrofoni, akaonyesha kitaa kidogo juu ya boksi lake.

"Taa nyekundu ikiwaka, kila kitu kinasikika ukumbini. Hata ukimeza mate, shemeji."

Sijui ni shemeji kwa nani. Humwita hivyo tangu zamani.

"Mwanangu," mama akaniambia, "nitafutie maji."

*

Maji yalikuwa chumbani kwa Kipenzi tu. Niligonga, hakuna mtu. Nikaingia kwa ncha za vidole kama mwizi, nikachukua chupa. Chini ya chupa kulikuwa na karatasi, imelowa duara.

Sikuwa natafuta kitu. Macho yalisoma yenyewe.

Ilikuwa orodha ya sauti za tamthilia mpya. Mstari wa kwanza: Malkia Mjane, Kipenzi. Nikashuka. Waziri, fulani. Mdogo wa mfalme, fulani. Nikashuka mpaka chini kabisa, pale wanapoandika mambo ya milango na farasi.

Vilio, vikohozi, soko: Mama K. Kama kawaida.

Nikaichukua ile karatasi. Ningeiacha pale, leo ningekuwa na amani.

Kuna watu mtaniuliza, kwa nini hukuirudisha ile karatasi chini ya chupa? Alie kwanza, mengine baadaye. Nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko ninyi. Miaka yote nimenyamaza panapotakiwa kusema. Siku hiyo nikaona nisinyamaze.

Nikampelekea maji mkono mmoja, karatasi mkono mwingine.

Mama alisoma karatasi kabla ya kunywa. Alisoma polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kama anahakiki mazungumzo.

"K ndiyo nini?"

"Kikohozi, mama."

"Hata kikohozi wamekifupisha!"

Akacheka. Kicheko kizuri, cha kweli. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kifuani.

"Twende nyumbani," nikamwambia.

"Kazi bado."

"Mama, utawalilia watu hawa?"

"Wewe kaa kwenye ngazi. Taa itawaka sasa hivi."

*

Pazia lilikuwa na tundu. Nilichungulia. Ukumbi umejaa pomoni, watu wameinua simu. Safu ya tatu nikaona sare za shule yetu, na katikati mwenzangu wa deski, ameshika karatasi kubwa iliyochorwa moyo.

Mshereheshaji akauliza, "Mnataka alie kipi?"

Ukumbi mzima ukajibu kwa sauti moja: "Shikamoo, mama! Shikamoo, mama!"

Namba saba.

Kipenzi akasimama katikati ya jukwaa. Maikrofoni yake ilikuwa imezimwa, anaishika kwa urembo tu. Taa nyekundu ikawaka. Kipenzi akaweka mkono kifuani.

Kimya.

Nikageuka kumtazama mama. Alikuwa amesimama wima, stuli ameisukuma pembeni. Mikono ameifumbata. Kidevu juu.

Nililijua umbo lile. Nimeshinda nalo wiki mbili chumbani kwetu. Kuna ukurasa ambapo waliomuua mfalme wanamleta Malkia mbele ya watu wamlilie marehemu, ili wao waonekane hawana hatia. Na Malkia hatoi hata chozi. Haongei. Anasimama tu, mpaka wao wenyewe wanaanza kutazama chini.

Mama alikuwa anamwigiza Malkia Mjane.

Sijaona kitu kama kile, na sidhani nitakiona tena. Alirefuka. Wallahi alirefuka. Zile ndoo zikawa ngazi za ikulu. Na waliomwona ni Fundi Sauti, mimi, na tambara la deki.

Kule mbele Kipenzi akaondoa mkono, akauweka tena kifuani. Kimya. Akauweka mara ya tatu, sasa akaonekana kama mtu mwenye kiungulia. Mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma:

"Kitufe kimekwama!"

Kicheko. Kikapita safu hadi safu.

Bosi akatokea upande wa pili wa jukwaa, macho yamemtoka, anamwonyesha mama ishara ya kukata koo. Kisha ya kuomba. Kisha ya kukata koo tena. Mama hakumtazama. Fundi Sauti alikuwa ameshusha uso, mabega yanatetemeka, sikujua kama anacheka au analia.

Dakika moja tu. Mama alihitaji dakika moja nyingine, na uongo wa miaka yote ungekufa palepale, mchana, mbele ya simu mia tatu. Hakuna aliyehitaji kusema neno.

Na mimi, Kimya, mtoto ambaye mwalimu akimuuliza swali anasubiri kengele imwokoe, nikalia.

*

Naapa ilianza kweli. Nilimtazama mama nikaona ukubwa wake wote na mahali walipouweka, na kitu kikapasuka kifuani. Nilikuwa kwenye ngazi, maikrofoni iko hatua moja. Sauti ikatoka. Ikaenda.

Ukumbi ukanyamaza.

Ninyi hamjui kimya kile. Mimi ndiyo jina langu na sikuwa nakijua. Watu mia tatu wameshika pumzi kwa sababu ya koo langu. Nikakisikia. Na hapa ndipo ninapotaka kukiri, ndiyo sababu nimeanza kuandika haya yote tangu wiki ya kwanza.

Nilipokisikia, sikunyamaza. Nikaendeleza.

Nikavuta pumzi, nikahesabu moja, mbili, tatu kabla ya kuiachia, kama mama afanyavyo. Nimekua nikiisikia namba saba nyuma ya mlango wa bafu letu, mama akifanya mazoezi. Naijua kuliko wimbo wa shule. Nikaiweka ile kwikwi ya katikati. Nikaiweka ile "eeh" ndogo, ya mtu asiyeamini. Nikachungulia kwenye tundu: Kipenzi amefunika uso kwa kitambaa. Nikapandisha. Akapiga magoti.

Nikakata.

Nilikata palepale, mnanisikia? Mtu anayelia kweli anakata kwa ishara ya nani?

Ukumbi ukalipuka. Watu wakasimama, viti vinapiga kelele, nikasikia sauti ninayoijua, ya mwenzangu wa deski, inapasuka: "Kipenziii! Tunakupendaaa!"

Nikageuka.

Mama alikuwa bado ananitazama. Malkia hayupo tena. Kidevu kimeshuka, mikono imekunjuka, yuko mwanamke tu aliyechoka kati ya ndoo. Akafungua mdomo kusema kitu. Akakohoa. Kikohozi kidogo, kikavu. Cha kwake mwenyewe.

*

Bosi akaingia kama upepo.

"Mama yetu! Umeniua umenifufua! Ule utani wa mwanzo, Mungu wangu, nilifikiri moyo unasimama! Lakini kilio kile, kilio kile, hujawahi—"

"Siyo yeye," Fundi Sauti akasema.

"Siyo yeye nani?"

Fundi Sauti akanitazama mimi. Bosi naye akanitazama, kuanzia viatu kupanda juu, kama fundi viatu anavyopima ngozi.

"Huyu? Huyu wa kwenye ngazi?" Akainama. "Una miaka mingapi, binti?"

"Kumi na sita," mama akajibu kwa niaba yangu.

"Kumi na sita! Mama yetu, wewe ulikuwa unatuficha." Sauti yake ikawa asali, ile asali ambayo nzi wamekufa ndani. "Basi sikiliza. Wewe umetumikia sana, koo limechoka, leo lenyewe limekataa, tumeona wote. Nenda kapumzike. Malkia Mjane ana vilio ishirini na kitu. Binti atalia. Kazi haijatoka nyumbani kwako, au vipi? Chungu ni kile kile, mwiko mpya."

"Na anayeongea Malkia?" mama akauliza, kana kwamba hajui.

"Hayo tutayazungumza."

Kipenzi akaingia mbio, poda imeporomoka, akanikumbatia. Nilisikia marashi yake yananikaa kooni. Akanibusu shavu hili na hili.

"Mdogo wangu! Mdogo wangu wewe! Safiii! Na hata kamasi huna!"

Mama akainua macho.

"Hana kamasi?" akauliza polepole.

"Hata kidogo! Safi kama kioo. Siyo kama wewe, mama, usinielewe vibaya, lakini kukusafisha wewe Fundi anakesha. Si ndiyo, Fundi?"

Fundi Sauti alikuwa ametazama boksi lake. Alikaa kwenye kiti chake, mikono juu ya mapaja.

Nikajipangusa pua. Kavu. Nikajipangusa tena kwa kiganja, kama mtu aliyedondosha kitu. Kavu kabisa. Nilijichukia mpaka kwenye kucha.

Bosi akatoa karatasi mfuko wa nyuma, akaichora chora, akaiweka juu ya stuli ya mama.

"Chini ya miaka kumi na minane mzazi ndiye anayesaini. Hapa, mama yetu. Chini tu. Hata jina refu siyo lazima."

Akampa kalamu.

Mama aliichukua. Akaijaribu kwenye kiganja chake, ikaandika. Kisha akapiga magoti mbele yangu, pale kwenye ngazi, uso kwa uso, kama alivyokuwa akinifunga kamba za viatu nilipokuwa mdogo.

"Mwanangu."

"Abee, mama."

"Ulipovuta pumzi. Pale katikati, ukahesabu tatu. Ulikuwa unalia, au ulikuwa unaigiza?"

"Mama, mimi..."

"Usinijibu kama mtoto wangu. Mtoto wangu namjua, atasema la kunifurahisha. Nijibu kama mwigizaji mwenzangu." Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Kama ulikuwa unalia, naichana hii, tunaondoka, na sitakuuliza tena maisha yangu yote. Kama ulikuwa unaigiza, basi unacho, nilichonacho mimi unacho, na mimi sitakuwa wa kwanza kukufungia mlango. Nasaini. Utaingia pale pale nilipotoka, kati ya hizi ndoo. Lakini niambie."

"Mama yetu, hizi hadithi mtaongea kwenye gari," Bosi akasema. "Sisi sote tunajua Kipenzi hawezi kulia, tangu lini hiyo ikawa habari? Saini, watu wanasubiri picha."

"We Bosi nawe!" Kipenzi akacheka. "Ndiyo siwezi, basi nipigwe?"

Hapo ndipo niliposikia kitu, au tuseme niliacha kukisikia. Makofi yalikuwa yamekwisha. Nilidhani watu wanatoka. Lakini hakuna kiti kilichosogea, hakuna hatua, hakuna mlango.

Nikatazama juu ya bega la mama, kwenye boksi la Fundi Sauti.

Taa nyekundu ilikuwa inawaka.

Fundi Sauti aliniona nimeiona. Mikono yake haikutoka kwenye mapaja. Mara ya kwanza tangu nimjue, alimtazama mama, moja kwa moja, hakukwepa.

Bosi alikuwa ameipa mgongo. Kipenzi anajipaka poda. Mama ameshika kalamu, ananisubiri mimi tu, hana habari na taa wala ukumbi.

Na upande wa pili wa pazia kilikuwapo kimya kile. Kile kile. Watu mia tatu wameshika pumzi, wanasubiri koo langu.

Nikavuta pumzi.

Moja.

Mbili.

Tatu.